Mary Sumner, Mama Aliyeogopa Kusema

Kila tarehe 25 Machi, Kanisa linapokumbuka jinsi Bikira Mariamu alivyopashwa habari na malaika, mama zetu wa Umoja wa Mama huadhimisha siku yao. Huimba, hurudia ahadi zao, na wengine huja na watoto wachanga mgongoni. Jina la Mary Sumner hutajwa siku hiyo, kisha husahauliwa mpaka mwaka mwingine. Wengi wetu twamjua kuwa mwanamke Mwingereza wa zamani aliyeanzisha chama, basi. Ndiyo maana safari hii tumeona vema kusimulia maisha yake kwa kirefu kidogo, hasa mambo mawili yaliyomtokea nyumbani kwake, moja alipozaa na la pili alipopata mjukuu. Chama kizima kilitoka katika mambo hayo mawili.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1828, huko Swinton, karibu na mji wa Manchester. Baba yake, Thomas Heywood, alikuwa mtu wa benki aliyependa sana vitabu vya historia. Mary alikuwa bado mtoto mdogo, mwaka 1832, baba yake aliponunua shamba kubwa liitwalo Hope End, karibu na kijiji cha Colwall katika jimbo la Herefordshire. Nyumba hiyo ndiyo aliyokulia Elizabeth Barrett, yule mwanamke mshairi aliyekuja kuwa mashuhuri. Jamaa zake walitoka, na akina Heywood wakaingia.

Mary hakukosa kitu. Alifundishwa nyumbani, akajifunza lugha za kigeni, na kwa kuwa alijaliwa sauti nzuri, alifundishwa muziki kwa bidii. Lakini kuna jambo moja katika utoto wake ambalo twapenda msomaji alishike. Mama yake alikuwa na desturi ya kuwaita wanawake wa jirani nyumbani kwake, wakae pamoja, wasemezane habari za nyumba na watoto, wasali. Hakukuwa na chama wala kadi wala ada, ni mama mwenye nyumba akiwakaribisha wenzake tu. Msichana mdogo aliyaona hayo. Mtoto huona mengi zaidi ya tunayodhani.

Alipokuwa msichana mkubwa alipelekwa Roma kuendelea na masomo ya muziki. Huko akakutana na kijana Mwingereza, George Henry Sumner, na wakapendana. George alitoka katika ukoo wa viongozi wa Kanisa: baba yake, Charles Sumner, alikuwa Askofu wa Winchester, na baba yake mkubwa, John Bird Sumner, alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1848. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, George na Mary walifunga ndoa kanisani Colwall. Bwana arusi alikuwa kasisi kijana, na bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 19.

Mwaka uliofuata, 1849, akajifungua mtoto wa kwanza, binti, wakamwita Margaret.

Hapa tutakaa kidogo. Mary mwenyewe, hata alipokuwa mzee, hakuacha kuisimulia siku ile. Alisema kwamba alipowekewa mtoto mikononi alijawa na furaha, na papo hapo akashikwa na hofu. Kilichomtisha ni wazo kwamba kiumbe huyu mdogo, asiyeweza hata kuinua shingo yake, ana roho isiyokufa, na kwamba roho hiyo amekabidhiwa yeye. Alikuwa amefundishwa kuimba, kusema lugha za kigeni, kupokea wageni na kuketi vizuri mezani. Kazi hii kubwa kuliko zote hakuna aliyemfundisha. Alijiona kama mtu aliyepewa usukani wa chombo katikati ya bahari, naye hajapata hata kushika kasia.

Tunaomba mama zetu wanaosoma wajiulize kama hawalijui jambo hili. Tumezoea kusema habari ya furaha ya uzazi, na furaha hiyo ni ya kweli: uchungu umepita, mtoto amelia, mkunga amemfunika nguo na kumlaza kifuani pa mama yake, na nyumba nzima inashangilia. Lakini ni mama wangapi waliolala usiku ule wa kwanza macho wazi, wakisikiliza kama mtoto anapumua? Ni wangapi waliojiuliza kwa siri, je, nitamweza huyu? Wapo pia ambao upendo haukuwajia kwa mafuriko siku ya kwanza. Walichoka, walipoteza damu, walimtazama mtoto kama mgeni, wakaona aibu kulisema jambo hilo. Wakunga wanajua kwamba kwa mama wengi upendo huja polepole, kwa kunyonyesha, kwa kuoga, kwa kubembeleza usiku wa manane, mpaka siku moja mama akatambua kwamba hawezi tena kukumbuka maisha yalivyokuwa kabla ya huyu mtoto. Na ikiwa huzuni yenyewe haiondoki, wiki zikapita mama bado analia na hataki kumtazama mwanawe, huo ni ugonjwa wenye tiba, naye apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye homa.

Mary, kwa kuwa mke wa kasisi na mtoto wa tajiri, angeweza kuikimbia hofu yake kwa urahisi sana. Katika nyumba za watu wa tabaka lake siku zile mtoto alikuwa na chumba chake na yaya wake. Yaya ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamlaza. Mama aliletewa mtoto jioni amevaa vizuri, akamtazama, akambusu, akamrudisha. Haikuhesabiwa kuwa ukatili. Ilikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Kwetu sisi, kifungua mimba anapozaliwa, mama hukaa ndani siku zake arobaini pamoja na mtoto, na bibi na shangazi huingia na uji na maji ya moto, wakimwonyesha mzazi jinsi ya kumshika mtoto na jinsi ya kumfunga mbeleko. Mwanamke Mwingereza wa nyumba kubwa alikuwa na watumishi wengi kuliko hao, lakini mara nyingi alibaki mkiwa katika jambo lenyewe. Mary alikuwa nao watumishi kama wenzake, lakini alikataa wazo kwamba mama anaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kuwa mama. Baadaye alilisema hilo mbele ya mabibi wakubwa bila kuwaogopa.

Leo waganga wamejifunza mengi ambayo Mary hakuyajua. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake angali tumboni, na akizaliwa huitambua miongoni mwa sauti nyingine. Macho yake katika siku za kwanza huona vema kitu kilicho umbali wa kama sentimita 20 hadi 30, yaani umbali uliopo kati ya titi na uso wa mama. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey aliona watoto waliozaliwa kabla ya wakati wakifa katika hospitali iliyojaa na yenye mashine chache. Akaanza kuwaweka vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, nao wengi wakaishi. Njia hiyo sasa hutumika katika hospitali nyingi duniani, nasi huku twaiita malezi ya kangaruu. Tumeyataja haya ili msomaji aone kwamba Mary, aliyejua jambo hili kwa moyo wake tu, hakuwa mbali na ukweli. Alisadiki kwamba malezi huanza mtoto angali mikononi, kabla hajajua hata kusema.

Mwaka 1851 George alipewa parishi ya Old Alresford, kijiji cha mashamba katika jimbo la Hampshire, si mbali na Winchester. Walikaa hapo miaka 34. Baada ya Margaret walipata binti wa pili, Louisa, na mwaka 1853 mtoto wa kiume, George Heywood. Mary alilea watoto wake, alisaidia muziki wa kanisa, alifundisha masomo ya Biblia, alitembelea wagonjwa. Miaka ile haina mengi ya kusimulia. Ni miaka ya mama yeyote mwenye watoto watatu na mume mwenye kazi nyingi, na kazi ya namna hiyo haiandikwi katika vitabu.

Lakini alipokuwa akitembea kijijini aliona mambo. Katika Uingereza ya siku zile, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sisi tunaodhani kwamba vifo vya watoto wachanga ni msiba wa Afrika peke yake tukumbuke hesabu hiyo. Mama maskini alitoka alfajiri kwenda kufanya kazi shambani au nyumbani kwa watu, akamwacha mtoto kwa ndugu yake mwenye miaka saba. Dawa za maji zenye afyuni ziliuzwa madukani bila shida, na watoto walipewa ili wanyamaze na kulala. Wengine walilala wasiamke tena. Pombe ilitiwa katika vinywa vya watoto wadogo kama kitu cha kuwapa nguvu. Hakuna aliyekuwa amewaambia mama hao kwamba kuna njia nyingine.

Ikafika mwaka 1876. Margaret, yule mtoto wa kwanza, sasa alikuwa ameolewa, naye akajifungua. Mary akawa bibi, mwenye umri wa miaka 47. Twaweza kuwaza furaha iliyokuwako. Lakini pamoja na furaha, Mary alimwona binti yake katika hali ileile aliyokuwa nayo yeye miaka 27 nyuma: mtoto mikononi, na mzigo ambao hakuna aliyemwandaa kuubeba. Hofu yake ya zamani ikamrudia nzima kabisa, na safari hii ikamsukuma kutenda. Ikiwa yeye aliogopa, na binti yake naye, je, wale wake wa wakulima pale kijijini? Na wale mabibi wa nyumba kubwa, je, wao walijua zaidi, au walificha tu vizuri zaidi?

Akaazimu kuwaita mama wote wa parishi nyumbani kwake, matajiri na maskini, waketi chumba kimoja. Leo jambo hilo laonekana dogo. Katika Uingereza ya wakati ule, mke wa bwana shamba na mke wa mfanyakazi wa bwana huyohuyo hawakuketi pamoja kuzungumza mambo ya watoto wao kama watu walio sawa. Mmoja alitoa sadaka, mwingine akaipokea, wakaagana mlangoni.

Siku ikafika. Wanawake wakaja, wakakijaza chumba. Na Mary, mwenyeji wao, binti wa tajiri, mkwe wa askofu, akashindwa kusema. Aliwatazama wale mama, wengine wao wamezaa na kuzika watoto wengi kuliko yeye, na ujasiri ukamtoka wote. Akamwomba mumewe aseme badala yake. George akasimama, akasema maneno machache, na wanawake wakaombwa warudi wiki inayofuata.

Sisi twaipenda sana habari hii. Ingekuwa rahisi kumcheka Mary, au kusema kwamba aliona haya za kike tu. Tunadhani sababu ilikuwa nzito zaidi. Mwanamke aliyezungukwa na yaya na wapishi maisha yake yote, atawaambia nini wanawake wanaolala na watoto watano katika kitanda kimoja? Swali hilo lilikuwa la haki, na pengine ndilo lililomfunga ulimi. Mtu ambaye hajapata kuogopa hivyo mbele ya watu maskini, hatudhani kwamba anafaa kuwafundisha.

Wiki iliyofuata wanawake wakarudi. Mary akasimama, akasema. Aliwaeleza kwamba mtoto ni amana ya Mungu, kwamba ubatizo wake si sherehe ya siku moja, na kwamba mama ndiye mwalimu wake wa kwanza, apende asipende. Hakuwataka waache kazi zao wala wawe wasomi. Aliwataka wasali kila siku pamoja na watoto wao, waangalie maneno yanayosemwa mbele yao, wajue rafiki zao ni akina nani.

Akawapa kila mmoja kadi ndogo yenye ahadi. Baadhi ya mambo yaliyoandikwa katika kadi zile za mwanzo yalikuwa ya kawaida sana, na kwa sababu hiyo yalikuwa na nguvu. Moja lilikuwa kwamba mama asiwape watoto pombe isipokuwa kwa amri ya daktari, wala asiwatume vijana kwenye nyumba za pombe. Msomaji anayejua vijiji vyetu, na ambaye amewahi kuona mtoto wa miaka minane akibeba chupa kutoka kilabuni kwenda kwa baba yake, ataona kwamba kadi ile haijazeeka.

Kwa miaka tisa mambo yalibaki hapohapo, katika parishi moja. Mary hakuwa na mpango wa kuanzisha chama cha dunia nzima. Katikati ya miaka hiyo alisafiri na jamaa zake mpaka Misri na Nchi Takatifu, na mwaka 1881 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Kisha akarudi kwa mama zake wa Old Alresford.

Mwaka 1885 kulikuwa na Mkutano wa Kanisa katika mji wa bandari wa Portsmouth. Askofu wa Newcastle, Ernest Wilberforce, aliombwa kusema na wanawake. Ukumbi ulijaa. Lakini askofu, tena twamsifu kwa hilo, aliona kwamba mwanamume si mtu wa kuwaeleza wanawake habari za uzazi na malezi. Alijua kwamba Mary Sumner yuko, akamwomba aseme badala yake. Mwanamke kusimama na kusema katika mkutano wa namna ile lilikuwa jambo la ajabu, na Mary aliomba ahurumiwe. Hakuhurumiwa. Akasimama, yule aliyeshindwa kusema sebuleni pake mwenyewe, akasema mbele ya umati.

Aliwaambia kwamba watu walilalamika sana juu ya uovu wa taifa, ulevi na uasherati na nyumba zilizovunjika, nao walitafuta dawa bungeni na polisi. Lakini taifa hulelewa kwanza magotini pa mama. Akawaambia mama waungane, wasaidiane, wasali. Wanawake walitoka ukumbini wamewaka. Askofu Harold Browne wa Winchester akakubali chama kiwe cha dayosisi yake nzima, na dayosisi nyingine zikafuata upesi.

Kufikia mwaka 1892 wanachama walikuwa 60,000 katika dayosisi 28. Mwaka 1896 kiliundwa chombo cha kuunganisha matawi yote, na Mary akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1897 Malkia Victoria, aliyekuwa na watoto tisa, akakubali kuwa mlezi wa chama. Kufikia mwaka 1900 walikuwa kama 169,000. Yapo na magazeti ya chama, ambayo moja lilihaririwa na Charlotte Yonge, mwandishi wa hadithi aliyekuwa maarufu siku zile, ambaye yeye mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa. Mary hakuona ubaya wowote katika hilo, nasi hatuoni. Watoto wengi wamelelewa na mashangazi.

Ingefaa tuseme pia mahali ambapo hatukubaliani naye. Mary alishika ndoa kwa nguvu zake zote, akapinga kwa ukali sheria zilizotaka kurahisisha talaka. Kwa miaka mingi baada yake, mwanamke aliyeachika hakuruhusiwa kuwa mwanachama, hata kama aliachwa bila kosa lake, hata kama alikimbia kipigo. Ni katika miaka ya 1970 tu katiba ya chama ilipobadilishwa huko Uingereza. Twaelewa sababu ya Mary: aliona nyumba iliyovunjika kuwa hatari ya kwanza kwa mtoto. Lakini mtoto wa mama aliyeachwa ana haja ya mama mwenye nguvu kuliko mtoto yeyote, na mama huyo ana haja ya wenzake kuliko mama yeyote. Kwa muda mrefu mlango ulifungwa mbele ya mtu aliyeuhitaji zaidi. Lazima lisemwe, kwa maana hata katika makanisa yetu, msichana aliyezaa nyumbani kwa baba yake bado huketi benchi la nyuma na mtoto wake, na wanaomsogelea ni wachache. Hofu aliyoijua Mary, yeye anayo mara mbili, na hana mume wa kusimama badala yake.

Watoto wa Mary walikua vizuri. Yule wa kiume, Heywood Sumner, akawa mchoraji na fundi wa mapambo ya makanisa, na katika uzee wake akawa mtu wa kuchimba na kuchunguza mabaki ya kale katika msitu wa New Forest. Kazi zake bado zinatazamwa. George, mumewe, aliwekwa kuwa Askofu Msaidizi wa Guildford mwaka 1888, nao waliishi Winchester, karibu na Kanisa Kuu.

George alifariki mwaka 1909, baada ya miaka 61 ya ndoa. Mwaka huo Mary, mwenye miaka 80, aliacha uongozi wa chama, akaandika kitabu cha maisha ya mumewe, kikatoka mwaka 1910. Aliishi bado miaka kumi na zaidi. Aliiona vita ya mwaka 1914 hadi 1918, ambayo ilichukua vijana wengi sana waliokuwa wamelelewa na mama wenye kadi zake.

Chama kilivuka bahari pamoja na wake za wamisionari, wake za askari na walimu. Kikafika na kwetu, kikavaa nguo za kwetu na nyimbo za kwetu. Leo kina watu wapatao milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na sehemu kubwa yao wako Afrika. Wanaume nao huruhusiwa kuingia, na wasioolewa. Katika matawi yetu, mwenzao akijifungua, akina mama hubeba kuni, unga, sabuni na kanga, wakaenda. Mmoja huchota maji, mwingine humpakata mtoto ili mzazi apate kulala kidogo. Mzee wao huketi karibu na kitanda, humwuliza mzazi kama maziwa yanatoka, kama analala, na kama anaogopa. Halafu humsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa.

Mary Sumner alifariki Winchester mwezi wa Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 92. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 9 Agosti. Alizikwa pamoja na mumewe katika uwanja wa Kanisa Kuu la Winchester, na ile nyumba ya kasisi ya Old Alresford, ambamo wanawake waliambiwa warudi wiki inayofuata, ingali imesimama.